Urari Ulipokubali

Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya wenzangu wanaotunza kumbukumbu za fedha za watu katika vyama vidogo, kule ambako idara nzima ya kompyuta ni mtu mmoja. Mimi ni mmoja wao. Chama chetu cha akiba na mikopo kipo Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na wanachama wengi ni wakulima wa mahindi na viazi. Hisa, akiba na mikopo yao yote imo ndani ya hifadhidata moja ya MySQL.

Toleo letu lilikuwa 5.7. Ilipofika Oktoba 2023 watengenezaji waliacha kulihudumia, na wakaguzi wakatutaka tuhamie 8.0. Safari hiyo haina kurudi: seva ya 8.0 ikishazibadilisha faili za data, 5.7 haizisomi tena. Anayetaka kurudi nyuma hana njia ila nakala rudufu aliyoichukua kabla ya kuanza.

Kwa hiyo nilimwambia mwenyekiti kwamba sigusi seva mpaka nakala irejeshwe kwanza mahali pengine, tuione ikifanya kazi. Nilikuwa nimesoma maelezo ambayo kampuni ya GitLab iliyatoa hadharani kuhusu tukio la 31 Januari 2017. Fundi wao alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe, takribani gigabaiti 300. Walipozikimbilia nakala zao za kawaida, hawakukuta kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya PostgreSQL 9.2 ilhali seva ilikuwa 9.6, hivyo kazi ilikwama kila ilipoanza, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa kwa mkono takribani saa sita kabla ya ajali. Kama hayo yaliwapata wenye mafundi wengi, mimi ningejiamini kwa lipi?

Nikachukua nakala kwa mysqldump, nikaiagiza ibebe pia programu ndogo zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata, maana usipoiagiza huziacha. Nikairejesha kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa stoo, niliyoiwekea 8.0. Majedwali yakaingia yote, halafu kazi ikasimama: kosa 1064, karibu na neno groups. Jedwali letu la vikundi vya wakopaji lilibeba jina hilo, na 8.0 imelifanya kuwa neno lake lenyewe. Programu ndogo ya kukokotoa riba ililitaja likiwa tupu, bila alama za kulizungushia. Nikaziweka, nikarejesha upya, ikapita. Kila hatua nikaiandika kwenye daftari.

Jumamosi ya kuhama, mama mhasibu alifunga hesabu, akachapa urari na kuutia sahihi. Nakala mpya tukaiweka kwenye diski ya nje, akaifungia ndani ya sefu. Nikaanza kupandisha toleo. Kazi ikiwa katikati, umeme ukakatika; UPS ikapiga kelele kidogo, nayo ikazima. Umeme uliporudi, seva iliwaka lakini MySQL ilianguka kila nilipoianzisha, na diski ikawa inatoa makosa ya kusoma.

Nguvu ziliniishia. Niliwafikiria akina mama wa vikundi wanaoweka kidogo kidogo mpaka ada ya shule itimie. Wengi wao hawana ushahidi mwingine wa akiba yao zaidi ya kitabu chao na ile hifadhidata.

"Mwanangu," mama mhasibu aliniambia, "si ulishairejesha kule stoo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi fanya vile vile ulivyofanya."

Akafungua sefu. Nikaileta ile kompyuta ya stoo, nikafungua daftari, nikafuata hatua zangu bila kuruka hata moja. Alfajiri kazi ikakamilika bila kosa, lakini hatukushangilia. Yeye aliweka rula juu ya urari wake, akawa anaisogeza na kusoma kwa sauti. Mimi nikasoma kwenye kioo. Hisa, zikakubali. Akiba, zikakubali. Mikopo na riba, hadi senti. Ndipo nikasema, Mungu ashukuriwe.

Yalibaki malipo ambayo wanachama walituma kwa simu wakati mfumo umezimwa. Tuliyachukua kwenye taarifa ya kampuni ya simu: yeye akitaja namba ya muamala, mimi nikiingiza. Programu ya dirishani nayo ilikataa kuunganika, kwa kuwa 8.0 huthibitisha nywila kwa njia mpya. Akaunti yake nikairudisha kwenye njia ya zamani kwa muda. Jumatatu wanachama wakahudumiwa.

Tangu hapo bodi imeamua kwamba kila robo mwaka nakala irejeshwe kwenye kompyuta nyingine na mhasibu aipime kwa urari wake, kisha atie sahihi. Nawasihi viongozi wa vyama: msiridhike mkiambiwa bekapu ipo. Ulizeni ilirejeshwa lini, kwenye toleo lipi, na nani alilinganisha hesabu. Na wewe fundi mwenzangu, usiifanye kazi hiyo peke yako. Kompyuta itakuambia kwamba faili imeingia yote; kwamba fedha za watu zimetimia, hilo atakuthibitishia mhasibu.