Ngao na Mzigo

Likizo iliyopita mjukuu wangu alishuka kituo cha Kilosa kwa treni ya umeme, begani amebeba kompyuta mpakato. Nilidhani ameleta masomo, kumbe ameleta meli. Jioni ile ile aliniita sebuleni: "Babu, njoo unisaidie hesabu." Kwa mwalimu mstaafu hakuna mwito mtamu kuliko huo. Nikavuta kiti.

Mchezo wenyewe unaitwa Elite Dangerous. Ulitoka mwaka 2014, nao ni mtoto wa mchezo wa zamani, Elite, uliotungwa na vijana wawili wa Uingereza, David Braben na Ian Bell, mwaka 1984. Mchezaji huendesha chombo cha kusafiri baina ya nyota, na akitaka kuwa mfanyabiashara hununua bidhaa kituo kimoja akauze kingine. Njiani wamo maharamia.

Mjukuu wangu alikuwa amenunua meli ya mizigo iitwayo Type-6, kwa fedha za mchezo zilizozidi kidogo milioni 1. Tumbo la meli hiyo limegawanywa katika nafasi za ukubwa mbalimbali. Nafasi ya ukubwa wa 3 ikifungwa sanduku la mizigo hubeba tani 8. Ya ukubwa wa 4, tani 16. Ya ukubwa wa 5, tani 32. Lakini mtambo wa ngao nao hukaa katika nafasi hizo hizo, na nafasi moja haipokei vitu viwili. Hapo ndipo ulipokuwa mgogoro. Ngao hii si bati. Ni utando wa nguvu unaoizunguka meli na kupokea mapigo kabla hayajafika mwilini mwake. Zipo za daraja D, nyepesi na za bei nafuu. Zipo za daraja A, imara zaidi lakini zinakula umeme mwingi. Zipo pia zenye nguvu pungufu ambazo hujijaza upesi zaidi baada ya kupigwa.

"Nikiitoa ngao, Babu," alisema, "nabeba tani 8 zaidi kila safari. Safari kumi, tani 80. Wakinilipua, nalipa asilimia 5 ya thamani ya meli, narudishiwa nyingine kama ile ile. Kinachopotea ni mzigo tu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na ndiyo maana iliniogopesha. Mimi mwenyewe niliwahi kuipiga.

Hesabu hii ni ya siku nyingi hapa kwetu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika bonde hili la Mto Mkondoa. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili. Mlinzi mwenye bunduki hakuongeza pembe hata moja kwenye msafara, lakini alikula posho na kudai ujira wake. Kila mwenye msafara ilimbidi ajiulize apunguze bunduki ngapi ili aongeze mabega. Ulinzi una tabia hiyo: gharama yake unaiona kila siku, faida yake huioni mpaka siku ya shari.

Nilipostaafu nilinunua lori kuukuu kwa kiinua mgongo changu, niwe nachukua vitunguu Malolo na kuvipeleka soko la Ilala, Dar es Salaam. Dereva wangu alikuwa kijana niliyemfundisha darasa la sita, mtu makini asiyegusa pombe. Mke wangu alinishauri nikate bima kubwa. Nikatazama bei yake, nikaona ni sawa na magunia kadhaa ya vitunguu, tena lumbesa. Nikakata bima ndogo, ile inayomlipa mtu mwingine na kumwacha mwenye gari mikono mitupu. Safari sita zilipita salama, na kila moja ilinithibitishia kwamba mimi ni mwerevu.

Safari ya saba dereva alinipigia simu kutoka Mikumi mjini, saa tatu usiku. "Shikamoo, Mwalimu. Nimechoka. Naomba nilale hapa, nivuke mbuga alfajiri." Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na wanyama hawana saa ya kufunga njia. Hayo niliyajua. Lakini nilijua pia kwamba bei ya sokoni ni ya asubuhi. Nikamwambia, "Vuka tu, mwanangu. Utalala Dar."

Nyati alikuwa amesimama katikati ya lami. Kijana alimkwepa, lori likalala ubavu, vitunguu vikamwagika majanini. Nilipofika hospitali nilimkuta amefungwa mguu, paja limevunjika. Kabla sijafungua kinywa akaniambia, "Mwalimu, pole kwa mali."

Nimesomesha miaka mingi na kusikia maneno mengi, lakini hayo ndiyo yanayonirudia usiku.

Watu wakisikia kisa hiki hudhani kosa langu ni bima. Bima ingenirudishia lori, kama ile asilimia 5 inavyomrudishia mjukuu wangu meli. Ngao niliyoing'oa hasa ilikuwa usingizi wa dereva. Ilikuwa ngao ya saa nane, bei yake ni chumba cha kulala wageni na hasara kidogo sokoni, nami niliiona ni nafasi iliyokaa bure.

Basi nilimweleza mjukuu wangu mambo mawili. La kwanza, mfanyabiashara hahitaji ngao ya kushinda vita. Aliyejaza shehena hana sababu ya kupigana. Anahitaji ngao ya kumnunulia muda wa kuwasha injini ya kuruka na kutoweka. Kwa hiyo hana haja ya kuipa ngao nafasi kubwa ya tani 32. Ile ya ukubwa wa 3 inatosha meli yake, na tani 8 kati ya mia na ushei ni kodi ndogo kwa kurudi nyumbani. Isitoshe, hata asipokutana na haramia, akigonga lango la kituo wakati wa kutua, ngao ndiyo itakayopokea kishindo.

La pili nilimsimulia habari za dereva. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Sasa yeye alirudishiwa nini, Babu?"

Niliuza shamba dogo la Rudewa, nikalipia matibabu yake na kumfungulia banda la kuziba pancha pale Mikumi. Anatembea kwa mkongojo. Nikipita hunipigia "Shikamoo, Mwalimu" kwa sauti ile ile ya darasani, nami huitika nikitazama chini. Hayo ndiyo niliyomjibu mjukuu wangu.

Hakusema kitu. Aliirudisha meli gatini, akatoa sanduku moja la tani 8, akafunga ngao mahali pake. Kisha akaniuliza kama bado kuna chai.