Usiniite Mkubwa

Leo sina vichekesho, nina stori.

Juzi nikiwa tao, soja wa jengo fulani alinifungulia mlango akaniambia, "Mkubwa, karibu." Mi si mkubwa. Niko na miaka 22, nilikuwa nimebeba tripodi ya kukopa, na mfukoni nilikuwa na finje pamoja na nauli ya kurudi mtaa. Lakini nilielewa nimeambiwa nini. Tao, "mkubwa" ni salamu iliyo na swali ndani: utaacha kitu ya chai ama unapita tu? Nikatoka nikimwachia ile finje, na nikasikia vizuri kweli. Dakika mbili hivi.

Kama umelelewa Nairobi unajua majina ya heshima yana bei. Bosi, mdosi, sonko, kiongos, mhesh. Ukishuka gari kubwa, kijana wa parking anakuita sonko kabla hujafunga mlango. Ukipita hapo kesho na viatu vimechoka, ni "wewe, songa." Na usiseme ni maneno tu. 2017 tulichagua gavana wa jiji hili mwenye jina Sonko kwa karatasi ya kura. Neno la mtaani la mtu mwenye pesa likafika City Hall.

Lakini si yote ni ya kuuza. Chukua "msee". Iskize polepole, unaskia "mzee" ndani yake. Wazazi wetu wanangoja mvi ndio waitwe wazee, sisi tunaitana wasee tukiwa bado tunavaa kinyasa ya shule. Ni kama tulikubaliana kila mtu apewe heshima yake mapema, kwa sababu nje ya mtaa hakuna mwenye ataharakisha kumpa. Halafu kuna ile "rispekti" ya ngumi kifuani. Hiyo ilitufikia na reggae kutoka Jamaica, na Eastlands ikaishika sana mpaka msee asiye na rasta hata moja kichwani anakuambia "bless" ukimpatia change yake.

Sasa stori yenyewe.

Nilipoitwa kampo kusomea uhandisi, jina langu lilikufa mtaani. Kinyozi, mama mboga, vijana wa boda, wote: "Injinia!" Karo ya mwanzo ilikuwa shida, so mathee akapitisha karatasi ya mchango. Steji yetu ya matatu ilichanga. Si pesa nyingi, mbao hapa, soo pale, dere mmoja akaweka thao mzima. Wale wasee wanaamka saa kumi usiku, wanapigwa na baridi mlangoni siku nzima, jioni wanapeleka hesabu kwa mwenye gari. Ile thao najua ilitoka wapi.

Nilimaliza miaka miwili. Mwaka wa tatu karo ilishinda, na nikisema ukweli, hata roho yangu ilikuwa imeshatoka darasani. Nikaacha. Sikuambia mtu mtaani. Kila mtu akiniita "Injinia" nilikuwa nasikia kama ananicheka, hata kama alikuwa anasalimia tu. Ikafika mahali nashuka steji mbili kabla ya yetu, natembea kwa miguu, napitia nyuma ya soko. Miezi saba nilifanya hivo. Video zikaanza kushika, wafuasi wakaongezeka, kwa simu watu wananiita kiongos, na mtaani kwangu najificha kama mwizi wa kuku.

Ile siku ya finje, mvua ilinyesha nikapanda gari ya kwanza niliyoona. Kumbe mlangoni ni makanga wetu wa siku zote, shati la maroon limelowa mpaka mgongoni. Akaniangalia.

"Injinia. Mbona umetuhepa?"

Nikamwambia, "Brathe, usiniite hivyo. Niliacha shule."

"Najua. Mathako alituambia kitambo."

Sikuwa na la kusema. Nikatoa nauli. Akaurudisha mkono wangu. Yule kijana mwingine, mpya, wa kukusanya pesa huko nyuma, akanifikia akanyoosha mkono. Makanga akapiga bati mara mbili akamwambia, "Huyo wachana naye. Ni stafu."

Kama hujawahi kukaa steji, wacha nikueleze. Stafu ni dere, ni makanga, ni squad anayeshikilia dere akienda kula. Stafu halipi nauli kwa gari ya mwenzake. Haupati hilo jina kwa kuvaa vizuri, na hakuna anayekuita hivyo akitaka umwachie kitu. Ni kinyume: yule anayekuita ndiye anaacha pesa yake iende. Hiyo siku niliangalia dirishani mpaka tukafika, kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua.

Tangu hapo nina kipimo changu kimoja. Mtu akinipa jina la heshima, najiuliza: kati yetu wawili, nani analipa? Soja wa tao simlaumu, mshahara wake ni mdogo na neno ndilo kitu pekee anaweza kuuza hapo mlangoni. Lakini nisidanganyike kwamba ananijua.

Na hiki kipimo kinatugusa sisi wanaume zaidi. Siz yangu aliniambia yeye steji hapewi rispekti, anapewa "mrembo" na "supuu", na akikataa kuitika anatukanwa papo hapo. Jina linalogeuka tusi kwa sekunde mbili halikuwa heshima tangu mwanzo. Anasema siku anayosikia vizuri ni ile makanga anamwambia tu, "Madam, shuka pole pole, kuna maji hapo." Msee amemuona, amefikiria viatu vyake, basi.

Jumamosi nilishuka steji yetu, mchana, kila mtu akiniona. Nikatafuta yule dere wa thao. Nilikuwa nimebeba thao yake kwa bahasha. Alikataa. Nikamwambia basi achukue ya chai ya steji nzima, hiyo akakubali, tukanywa kumi na mbili tukiwa tumesimama. Bado wananiita Injinia. Nimeacha kubishana.

Mtaani kwenu mnaitana aje, na nani alikuita jina ukajua ametoka rohoni? Niandikie hapo chini. Nitasoma zote.