Kete Niliyoitupa Mwenyewe

Asubuhi mume wangu aliniomba radhi kwa maneno ya juzi, mie nikabetua midomo. Jioni majirani zetu wa Osaka, mji aliokuwa akisoma, wakatualika kucheza majongi ya Kijapani. Tukaenda tumenuniana vile vile!

Wachezaji wanne, kete 136. Unashika 13, unavuta moja, unatupa moja, mpaka upate seti nne na jozi. Mie na pupa yangu, nikawa nadaka kila wanachotupa wenzangu. Nikavuta ya mwisho, nikapaza sauti: "Tsumo!" Kumbe wapi. Ushindi lazima uwe na sifa inayoitwa yaku, na wangu haukuwa nayo. Usipodaka cha mtu, halafu ukamalizia kwa kete uliyoivuta mwenyewe, hiyo peke yake ni yaku.

Basi duru iliyofuata nikatulia. Ikabaki kete moja tu, tano ya mianzi, ambayo mwanzoni nilishaitupa. Mume wangu akaitupa na yeye, tena ananitazama. Siwezi kuigusa! Uliyoitupa mwenyewe huidai kwa mwingine, wanaita furiteni. Uivute wewe, au uikose.

Zamu yangu ikafika, nikaivuta. Kwa kete ya mwenzio analipa aliyeitupa tu. Kwa tsumo wanalipa wote watatu. Mume wangu akanisogezea vijiti vyake vya pointi bila neno.

Tukatoka. Kwenye ngazi nikamshika mkono.

"Baba, nisamehe ya asubuhi."

"Umeanza wewe leo?" akacheka.