Rudia, Nikusikie

Mpenzi msomaji, umewahi kupokea ujumbe kombo? Mimi nimewahi, na aliyeumia ni nyanya yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kijijini kwetu Bukhayo, si mbali na mji wa Busia. Nyanya alikuwa akiugua tumbo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikisoma sekondari, nilitumwa mjini nikampigie ami simu Nairobi. Nikasimama kwenye kibanda cha simu, malori ya kwenda Uganda yakinguruma nyuma yangu na sarafu zikiniishia. Ami alisema, "Msimlete huku, nakuja." Mimi nikasikia, "Mumlete huku." Nikajibu, "Sawa, ami." Simu ikakatika.

Usiku huo tulimpakia nyanya kwenye basi. Aliugulia njia nzima. Kumbe ami naye alikuwa ndani ya basi jingine akija Busia, pesa za hospitali mfukoni. Tulipishana gizani. Asubuhi tulipofika mlangoni pake, tulilakiwa na kufuli.

Nyanya alipona, lakini hadi alipofariki alikuwa akinitania: "Mjukuu wangu, nilitakiwa niletwe au nisiletwe?" Nilicheka naye, ila moyoni nilichomeka.

Utotoni tulipenda kutazama ndege zikipita juu ya mashamba yetu. Sikujua kwamba hata angani kuna mpaka, ambapo rubani huwaaga waongozaji wa ndege wa nchi moja na kuwaamkia wa nchi nyingine kwa redio. Wala sikujua kwamba nao husikia kombo.

Chukua mfano wa Septemba 3, 1974. Ndege kubwa ya British Airways, Boeing 747, ilikuwa ikikaribia kutua Embakasi, Nairobi. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Katika redio tarakimu hutajwa moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri, yaani futi 5,000. Sasa fikiria, msomaji: uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari! Walikuwa wakishukia mahali palipo chini ya ardhi. Waliinua ndege ikiwa imebakisha futi zipatazo 70 tu. Hakuna aliyekufa.

Wengine hawakubahatika. Machi 27, 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili za 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye barabara moja ya kurukia, ukungu umetanda. Mwongozaji alianza kwa kumwambia rubani wa KLM "sawa", kisha akamwambia asubiri. Wakati huohuo Pan Am nao walikuwa wakizungumza. Sauti zikagongana redioni, na pale penye "subiri" pakasikika mlio. KLM ikaendelea kukimbia ili iruke. Watu 583 walifariki.

Ndiyo maana rubani anapopewa amri ya kushuka au kuruka, hatakiwi kujibu "sawa" peke yake. Hurudia amri yenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Mwongozaji naye ana wajibu wa kusikiliza marudio hayo na kusahihisha. Kazi ni ya wawili.

Siku ile kibandani, mimi sikurudia na ami hakunitaka nirudie. Neno "sawa" lilitudanganya sote.

Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, lakini masikio ni yaleyale. Ukiambiwa saa mbili, uliza: ya asubuhi au ya usiku? Ukitajiwa bei pale Busia au Malaba, uliza: shilingi za Kenya au za Uganda? Na ukimtuma mtoto dukani au kwa mgonjwa, usitosheke na "sawa". Mwambie, "Hebu rudia, nikusikie." Kisha, msomaji, msikilize kwelikweli. Kuuliza si ujinga.