Tumemlea Sisi

Machi 2016 nilipanda Coaster Mbeya alfajiri, nikienda Tunduma kwa mara ya kwanza. Mkoa wa Songwe ulikuwa ndiyo kwanza umemegwa kutoka Mbeya, na konda alikuwa bado anaita "Mbozi! Tunduma!" kwa mazoea ya zamani. Tulipoipita Mbalizi ukungu ukaanza kuachia, na mbele zaidi mibuni ya Mbozi ikajitokeza kandokando ya barabara.

Runinga ndogo juu ya dereva ilikuwa ikionyesha filamu ya Kibongo. Nilimwamkia mama niliyekaa naye, mfanyabiashara wa mchele anayevuka mpaka kila wiki. "Marahaba mwanangu," akajibu, kisha akanyoosha kidole kwenye kioo. "Huyu binti tumemlea sisi."

Alikuwa mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu. Sikumbishia. Lulu, mzaliwa wa 1995, aliingia kundi la maigizo la Kaole akiwa mtoto mdogo hata shule hajaizoea, enzi ambazo mchezo wa Kaole ukianza ITV, sebule ya jirani mwenye runinga ilikuwa ikijaa hadi mlangoni. Watoto wengi wa aina yake husahaulika wakibaleghe. Yeye alivuka. Mwaka 2013 aliibeba filamu ya Foolish Age mabegani mwake, na Machi hiyohiyo ya safari yangu, filamu yake Mapenzi ya Mungu ilishinda tuzo ya AMVCA (Africa Magic Viewers' Choice Awards) kule Lagos kama filamu bora ya Afrika Mashariki. Ndani ya gari watu waliizungumza tuzo hiyo kama ya binti wa nyumbani kwao.

Lakini lile neno "tumemlea" lilinikaa kichwani, Mlowo ikapita, Vwawa ikapita. Tulimtazama tu. Hajafikisha miaka 18, magazeti ya udaku yalishamwandika kama mwanamke mzima, nasi tukayanunua. Mimi pia niliyanunua, na ninajuta.

Tunduma ilitupokea kwa malori kabla ya nyumba: foleni ndefu ya magari ya Zambia na Kongo, madereva wakiota jua pembeni, wabadilisha fedha wakipunga kwacha. Ng'ambo ni Nakonde, na Kiswahili kinavuka bila pasipoti. Kwenye kibanda cha kuuza sidii karibu na mpaka, picha ya Lulu ilikuwa imebandikwa mlangoni. Muuzaji aliniambia wateja wake wengi hutoka upande wa Zambia.

Mabinti wawili waliovaa sare za shule walikuwa wamesimama pale wakitazama filamu. Mmoja akaanza kuigiza kilio cha mhusika, na machozi yakamtoka kweli. Watu wazima wakampigia makofi, mmoja akamtupia sarafu. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi.

Kipaji kile nilikiona kwa macho yangu. Mzazi wake, na wewe mtayarishaji utakayemfikia siku moja: mwandikieni mkataba, fedha zake ziwekwe kwa jina lake, na siku za masomo mwacheni darasani.