Karani wa Lori la Ng'ombe

Mkopo wangu wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ulichelewa muhula ule, na chuo kilikuwa kinadai karo. Nilimwendea mjomba wangu, mfanyabiashara wa ng'ombe pale Masalani. "Abti," akaniambia, kama mjomba na mpwa wanavyoitana kwa Kisomali, "pesa sina. Kazi ninayo." Karani wake alikuwa amehamia Mombasa. Alitaka mtu wa kuandika ng'ombe Jumanne jioni wakipakiwa, asafiri nao usiku, awakabidhi soko la Garissa Jumatano asubuhi. Ratiba yetu haikuwa na vipindi Jumatatu wala Jumanne, nami nilikuwa nyumbani. Jumatano saa nane nilikuwa na mtihani mdogo wa saikolojia ya elimu. Nilikubali.

Barabara ile niliijua kwa basi. Kwa lori, kikazi, sikuwahi kuipita.

Ng'ombe wetu wa Ijara wengi ni weupe, kwa hiyo ukiandika "mweupe" hujaandika kitu. Nilisimama kando ya kipandio nikiandika kila mmoja: jike, sikio la kushoto limepasuka, chapa pajani, jina la mwenyewe. Walikuwa 18. Mjomba alinikabidhi kibali cha daktari wa mifugo akanionya nisikikunje. Aliyaona masoko yakifungwa ilipozuka homa ya Bonde la Ufa mwishoni mwa 2006, mifugo ikakwama mikononi mwa wenyewe. Tangu hapo karatasi kwake ni mali.

Tulitoka baada ya swala ya Isha. Dere hakuwa mtu wa maneno. Taniboi alikaa juu, miguu kwenye vyuma, tochi mkononi, akiwachunga wasilale. Ng'ombe akilala ndani ya lori wenzake humkanyaga, na anaweza kufika mzoga. Akilala, taniboi hugonga bodi, dere anasimama, mkia unasokotwa mpaka mnyama ainuke. Gari likienda herufi ziliruka, sikuweza kusoma hata mstari. Kwa hiyo nilisoma kila tuliposimama. Kati ya Bura na Nanighi nilimaliza kurasa zote za Piaget.

"Mwalimu, unasoma nini hapo?" taniboi aliniuliza. Yeye aliachia shule darasa la saba. Nikamweleza kwamba mtoto mdogo, ukimimina maji yale yale kwenye chombo chembamba, hudhani yameongezeka.

"Hata mama muuza maziwa analijua hilo," akasema. "Ndiyo maana kikombe chake ni kirefu."

Mfano wake niliuandika kwenye mtihani.

Alfajiri tulikuwa Garissa. Sokoni madalali walituzunguka kabla bodi haijashushwa. Mnunuzi mmoja alishikilia kwamba jike aliyelipia si yule aliyeletewa. Nikafungua daftari, tukaangalia sikio na chapa, akaridhika, rangi ikapakwa mgongoni. Saa nne ujira wangu uliingia kwa M-Pesa. Nikapanda bajaji hadi chuoni, nikaoga, nikalala kidogo, saa nane nikawa kwenye kiti changu.

Ukaribu wa chuo na soko ndio ulionipa kazi. Chuo changu, Chuo Kikuu cha Garissa, kilifungwa baada ya shambulio la 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, na kilipofunguliwa tena Januari 2016, wazazi wengi walisita kuwaleta watoto. Kama kingebaki kimefungwa, ningesoma mbali, na mjomba asingeweza kunisaidia kwa njia hii. Ninawakumbuka wale 148 kila ninapopita langoni.

Nina wenzangu wanaouza madukani mjini kila jioni mpaka usiku. Wanapata zaidi yangu, lakini nimewaona wakisinzia darasani na wakikosa kuwasilisha kazi. Kwa maoni yangu saa za kazi si tatizo kubwa kama kutojua zitaangukia lini. Soko la Jumatano halihami, kwa hiyo nilijua usiku upi ni wa lori na upi ni wa vitabu.

Wafanyabiashara wa Masalani, Hulugho na Sangailu, mkitafuta mtu wa kuandika, waulizeni wanafunzi wenu kwanza, na muulize ratiba yao kabla ya bei. Walipeni siku ile ile. Nayo HELB ilete pesa muhula unapofunguliwa, ili kijana wa Ijara aifanye kazi kwa hiari yake, si kwa kuogopa kufukuzwa kwenye mtihani.