Visiwa vya Bunyonyi kwa Msafiri wa Kakiika

Mkazi wa Kakiika akitajiwa visiwa, fikira zake huenda kwanza Ssese katika Ziwa Victoria, kisha Unguja na Pemba. Ndugu zake walioko Nakivale, katika makazi ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro, wana kisiwa kingine wanachokijua kwa jina ingawa hawajakiona. Hicho ni Lampedusa, kisiwa kidogo cha Italia kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily. Waitalia huenda huko kuogelea na kuota jua. Kwa Wasomali, Waeritrea na Waethiopia jina hilo lina uzito mwingine, hasa tangu tarehe 3 Oktoba 2013, chombo kilichosheheni watu kilipozama karibu na ufuo wake na watu zaidi ya 360 wakafa maji. Haishangazi basi kwamba mtu wa Nakivale akialikwa kwenda kisiwani kwa matembezi huuliza kwanza kuna nini huko, na jinsi gani atarudi.

Swali hilo ni la haki hata kwa visiwa vya jirani. Katika Ziwa Bunyonyi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mbarara, vipo visiwa 29, na baadhi yake havikuwa mahali pa kwenda kwa hiari. Wageni wa kutoka Ulaya huvizuru mwaka hadi mwaka. Wenyeji wa Mbarara, ambao wangeweza kwenda kwa nauli ya basi na akiba ya chakula, ndio wasiovijua.

Kakiika iko upande wa kaskazini wa jiji la Mbarara, kwenye njia iendayo Masaka na Kampala, kwa hiyo msafiri hana budi kuupa mgongo upande huo, avuke jiji na kushika barabara ya Kabale. Ni kilomita 145 hivi. Hadi Ntungamo na mbele kidogo, macho yanaona yale yale yaliyozoeleka Ankole: migomba, malisho, na ng'ombe wenye pembe ndefu. Baadaye vilima vinaanza kusogeleana. Mashamba yanapanda mlimani kwa matuta, ngazi juu ya ngazi, hadi kileleni; viazi mviringo, mtama na maharage vinashika mahali pa migomba. Mji wa Kabale uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na usiku wake ni wa baridi kali. Mama anayesafiri na watoto asidanganywe na jua la Mbarara wakati wa kufunga mizigo. Sweta na soksi si anasa huko.

Mkimbizi naye anaruhusiwa kusafiri. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kutembea nchini, pamoja na masharti yake, na jambo la busara ni kuchukua kitambulisho chake na kukiweka mahali pa karibu. Kuhusu lugha, Kiswahili katika sehemu hizi kilijulikana kwa muda mrefu kama lugha ya kambi za jeshi na ya madereva wa malori, hivyo anayekisema asione ajabu akipimwa kwa macho kabla ya kujibiwa. Akitanguliza "Agandi", salamu ya Kinyankole na ya Kikiga pia, mambo hulainika.

Kutoka Kabale hadi ziwani hazizidi kilomita 10. Barabara inapanda, inafika mgongoni mwa kilima, na hapo ziwa linajitokeza lote chini, likiwa limejipinda katikati ya milima kama kitambaa kilichoangushwa, na visiwa vimetapakaa juu yake. Bunyonyi maana yake ni mahali pa ndege wadogo, na jina halikukosea. Asili ya ziwa hili ni moto wa volkano. Maelfu ya miaka iliyopita uji wa moto uliziba bonde la mto, maji yakakosa njia, yakajaa katika mabonde ya pembeni, na vilele vya vilima vilivyozamishwa ndivyo visiwa vya leo. Waongozaji wa wageni hupenda kusema kwamba kina chake ni mita 900. Vipimo vya wataalamu vinaonyesha mita 40 hivi, nazo zinamtosha mtu asiyejua kuogelea. Viboko na mamba hawamo.

Gatini, mahali paitwapo Rutinda, mitumbwi ya magogo ya mikaratusi husubiri abiria, pamoja na mashua za mashine. Bei ielewane kabla ya kupanda, tena itajwe kuwa ni ya kwenda na kurudi. Jaketi la kuokolea maisha lidaiwe bila haya, na la mtoto liwe la kimo chake. Mwenye kutaka kupiga kasia mwenyewe atagundua upesi kwamba mtumbwi wa Bunyonyi una akili yake: humzungusha mgeni mahali pamoja kama pia, huku watoto wa ufukoni wakicheka, mpaka amrudishie mwenyewe kasia.

Kisiwa ambacho wapiga makasia hukionyesha kwanza hakina cha kutazamwa. Ni Akampene, kipande cha nchi chenye majani na miti isiyotimia kuitwa kichaka, ambacho mtu angeweza kukizunguka kabla chai yake haijapoa. Kinaitwa pia Kisiwa cha Adhabu. Zamani, kabla desturi hiyo haijakomeshwa katika karne iliyopita, msichana wa Kikiga aliyepata mimba bila kuolewa aliletwa hapa na kuachwa, bila chakula wala moto. Watu wa milimani wengi hawakujua kuogelea, kwa hiyo palikuwa na njia mbili tu: kufa kwa njaa na baridi, au kufa maji. Ilikuwapo na ya tatu. Kijana maskini asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kuja kwa mtumbwi, akamchukua msichana na kumfanya mke, bila kumlipa mtu chochote. Hivyo waliookoka waliokolewa na ufukara wa wengine. Kuhusu mwanamume aliyehusika na mimba ile, masimulizi hayataji kisiwa chake.

Jirani zake wana hadithi nyepesi zaidi. Bucuranuka, kisiwa kilichopinduka, inasemekana kiliwafunika watu waliokuwa wakitengeneza pombe wakamnyima bibi kizee mmoja aliyeomba kuonja. Aliyenusurika ni kuku tu, aliyeruka. Kila anayesimulia huongeza chumvi yake, na hakuna ubaya.

Anayetaka kujua ziwa hili lilifanya nini na watu afike Bwama. Mwaka 1921 madaktari wamisionari wawili kutoka Uingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale na kuanzisha kazi ya hospitali. Walikuta wagonjwa wa ukoma wakiogopwa na kutengwa, kama ilivyokuwa karibu kila mahali duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Sharp alianzisha kituo cha ukoma Bwama, kisiwa kikubwa kilichokuwa bila watu, naye mwenyewe akahamia na jamaa yake kisiwa cha karibu, Njuyeera. Jina hilo ni la Kikiga, na maana yake ni nyumba nyeupe. Wagonjwa wakajengewa vijiji, hospitali na kanisa, wakalima na kuishi kama wanakijiji wengine.

Hata hivyo habari ya Bwama isipambwe mno. Mgonjwa aliyevushwa aliiacha nyumba yake ng'ambo, na maji ni ukuta hata yakiwa mazuri. Katika miaka ile ya mwanzo dawa haikuwapo ya maana. Sindano za mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra zilileta maumivu mengi na nafuu chache. Dawa ya dapsone ilianza kutumika katika miaka ya 1940. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa kadhaa zitumike kwa pamoja, na tangu hapo ukoma ukawa ugonjwa wa kutibiwa nyumbani, mgonjwa akiwa katikati ya watu wake. Yafaa ijulikane pia kwamba watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi ya vijidudu vyake, na kwamba doa la ngozi lisilohisi kuguswa lipelekwe kituo cha afya mapema, si kwa mganga wala kisiwani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 kituo cha Bwama kilifungwa.

Majengo hayakuachwa yaanguke. Leo Bwama kuna shule na kituo cha afya, na kisiwa ambacho wazazi walimtishia mtoto kwa jina lake ndicho wanachompelekea mtoto asome. Asubuhi wanafunzi huvuka kwa mitumbwi, mabegi magotini, wakipiga kasia kwa mkono uliozoea. Mgeni aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Wao si mandhari.

Chakula kisimpe mtu wasiwasi. Viazi vya Kabale vinajulikana kote Uganda, na pamoja na maharage vinashibisha mchana kutwa. Kinywaji cha nyumbani ni obushera, uji wa mtama uliochachuka kidogo, unaonywewa baridi. Katika hoteli za ufukoni huuzwa kamba wa maji baridi, jamaa walioletwa kutoka ng'ambo wakastawi ziwani. Mwenye kuwashuku kwa sura yao aagize samaki.

Msafiri mwenye siku ya pili aende Muko, upande wa kaskazini, ambako maji ya ziwa hutoka kuelekea kwenye vinamasi. Barabara ya Kabale na Kisoro inapita huko, nayo ndiyo iendayo hadi mpaka wa Kongo kule Bunagana. Mwezi Juni 2022, Bunagana ilipotekwa na waasi wa M23, maelfu ya watu walivuka wakapokewa katika kambi ya muda ya Nyakabande karibu na Kisoro, na wengi wao wakachukuliwa kwa mabasi hadi Nakivale. Mabasi yalipita hapa. Waliokaa upande wa dirisha waliyaona maji na visiwa vile chini ya milima, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza jina lake. Mmoja wao akirudi leo, akashuka kwenye kona za Muko na kutazama tena, atawakuta wanawake wakipalilia viazi kwenye matuta, na wavuvi wachache majini. Teksi za Kabale husimama barabarani ukizipungia mkono. Jioni huwa chache, kwa hiyo ni vizuri kuwa njiani kabla ya saa kumi.